Mizani Mbili Katika Kazi Moja

Somo letu la leo latoka katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 3 na wa 4. Mlio na Biblia karibu, ziwekeni wazi magotini, kwa maana tutairudia milango hiyo mara kadhaa.

Lakini kabla ya kuingia Hebroni, na tusimame kidogo dukani. Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi katika mji wowote wa huku kwetu. Wameajiriwa vijana wawili. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, wakati baridi na ukungu umeushika mlima wote, wote wawili wanafika wamechelewa dakika ishirini. Mmoja anapewa barua ya onyo, naye anatia sahihi. Wa pili anaulizwa kwa kicheko kama blanketi lilimkatalia ruhusa. Huyu wa pili ni mtoto wa dada yake mwenye duka. Mwisho wa mwezi hesabu ya sanduku la fedha inapungua. Fedha zile zinakatwa katika mshahara wa yule wa kwanza, ingawa ufunguo wanao wote wawili.

Tunaomba mtazame vizuri ni kitu gani kinachomuuma kijana huyu. Si ile barua, maana ni kweli alichelewa. Kinachomuuma ni kwamba hawezi kulalamika. Akifungua kinywa ataambiwa, "Kwani wewe hukuchelewa?" Naye atanyamaza, kwa sababu alichelewa. Dhuluma ya aina hii ina hila kubwa kuliko dhuluma nyingine, kwa kuwa inamshika mtu kwa kosa lake la kweli, na kumwacha mwenzake mwenye kosa lilelile apite. Mtu aliyesingiziwa ana la kusema mbele ya wazee. Huyu hana, na kila analosema linasikika kama kisingizio. Wahenga walinena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wengi wetu tumeziona kamba hizo katika maofisi, katika viwanda vya chai na vya kahawa, katika shule na zahanati, na (tusijifiche) katika ofisi za makanisa pia.

Sasa twende Hebroni.

Mfalme Sauli amekufa, na nchi imegawanyika. Daudi anatawala Hebroni juu ya Yuda, naye Ishboshethi mwana wa Sauli anatawala makabila mengine akisaidiwa na jemadari wake, Abneri. Abneri anagombana na bwana wake, anakuja kwa Daudi kufanya mapatano, anakula mezani pake na kuondoka kwa amani. Yoabu, jemadari wa Daudi, anasikia, anamrudisha Abneri kwa hila, anamvuta kando pale langoni kama mtu anayetaka kumnong'oneza neno, na kumchoma tumboni. Alikuwa na sababu yake. Abneri alikuwa amemwua Asaheli, ndugu yake Yoabu, vitani. Lakini Hebroni ulikuwa mmoja wa ile miji sita ya makimbilio iliyotajwa katika Kitabu cha Yoshua, mlango wa 20, na desturi ya miji hiyo ilikuwa kwamba mtu aliyekimbia kisasi husimama langoni na kueleza habari yake masikioni mwa wazee. Basi Yoabu alimwua mtu bila kumsikiliza, mahali palepale palipowekwa kwa ajili ya kusikiliza watu.

Mfalme alifanya nini? Alilia. Alifunga chakula siku nzima. Alitamka laana nzito juu ya nyumba ya Yoabu, akamwamuru Yoabu mwenyewe ararue mavazi na kutembea mbele ya jeneza. Kisha akawaambia watumishi wake kwamba yeye siku hiyo ni dhaifu, na wana wa Seruya ni wagumu kumshinda. Hayo tu. Juma lililofuata Yoabu alikuwa bado jemadari. Na Seruya alikuwa nani? Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati kinatupa jibu: alikuwa dada yake Daudi. Yoabu alikuwa mpwa wa mfalme.

Fungueni sasa mlango wa 4. Ndugu wawili, Rekabu na Baana, wakuu wa vikosi vya Ishboshethi, wanaingia nyumbani mwa bwana wao wakati wa adhuhuri, wanamwua akiwa amelala kitandani, nao wanakileta kichwa chake Hebroni wakitumaini zawadi. Daudi hakulia kwa ajili yao, wala hakusema kwamba ni dhaifu. Aliagiza wauawe palepale, wakakatwa mikono na miguu na kutundikwa kando ya birika la Hebroni.

Hakuna atakayesema kwamba Rekabu na Baana hawakustahili. Walistahili. Lakini mji ni mmoja, mfalme ni mmoja, na kosa ni la aina moja. Huyu alipewa laana ya mdomo na nafasi katika mazishi, na hawa walipewa upanga. Mtu aliyetoka langoni kwenda kuteka maji birikani angeweza kuona mizani zote mbili kwa mwendo mmoja.

Tumedumu hapa kwa sababu Maandiko hayakuishia hapo, na yaliyofuata ndiyo yanayofaa kutazamwa na kila mwenye kusimamia watu. Daudi alimwacha Yoabu kwa sababu alimhitaji, na kwa sababu alikuwa wa damu yake. Miaka ikapita. Siku mfalme alipoanguka katika dhambi juu ya mke wa Uria, alihitaji mtu wa kumweka Uria mbele ya vita vikali, asiulize swali. Barua ilipelekwa kwa nani? Kwa Yoabu, naye hakuuliza. Tangu siku hiyo Yoabu alikuwa na siri ya mfalme mfukoni. Baadaye mfalme aliagiza mbele ya watu wote kwamba kijana Absalomu atendewe kwa upole, naye Yoabu akamchoma mishale mitatu akiwa ananing'inia mtini. Daudi akamwondoa katika uongozi wa jeshi na kumweka Amasa. Yoabu akamshika Amasa ndevu kana kwamba ataka kumbusu, akamwua njiani, na kuichukua kazi yake tena. Daudi alizeeka bila kumgusa, na deni hilo akamwachia mwanawe Sulemani alilipe. Yoabu aliuawa ameshika pembe za madhabahu.

Mwenye duka anayemfichia mpwa wake kuchelewa kwa dakika ishirini hafikirii mambo makubwa kama hayo, na pengine hayatafika huko kamwe. Lakini njia ndiyo hiyohiyo. Mfanyakazi aliyezoea kwamba sheria haimhusu ndiye anayeitwa siku bwana mkubwa anapotaka jambo lisiloandikwa. Akishaliitikia mara moja, hawezi kuonywa tena juu ya kitu chochote. Mmepata kuona ofisi ambayo mkubwa anamwogopa karani wake mwenyewe? Aghalabu mambo yalianza kwa kicheko cha namna hiyo.

Wengine watatuuliza: je, jambo hili ni la mtu na mtu tu, au hata serikali na kanisa wamewahi kutumia mizani mbili? Wamewahi, tena kwa kalamu na muhuri. Wakati wa ukoloni, utumishi wa serikali katika Afrika Mashariki uliwapanga watu kwa rangi. Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948, ilikubali kwamba mtu asiye Mzungu, akishika kazi ileile ya Mzungu, alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wake. Mtu alisoma kwa jasho, akapata cheti, akakaa kiti kilekile, na mwisho wa mwezi alihesabiwa kuwa sehemu tatu za mtu. Kanuni hiyo iliondolewa kufuatia mapendekezo ya Tume ya Lidbury mwaka 1954, ingawa wageni waliendelea kupewa nyongeza zao kwa majina mengine.

Habari ya walimu ni ya karibu zaidi nasi. Shule nyingi za zamani katika nchi hii ya mlimani zilianzishwa na misheni: Waanglikana, Wapresbiteri wa Tumutumu, Wakatoliki. Mwalimu mmoja aliajiriwa na misheni, wa pili na bodi ya elimu ya wilaya, wa tatu na serikali yenyewe. Wote walifundisha hesabu zilezile kwa watoto wa kijiji kimoja, lakini masharti yao ya kazi hayakuwa sawa, na mwenye kumwonya au kumfukuza kila mmoja alikuwa tofauti. Kwa sababu hiyo, pamoja na nyingine, walimu waliungana na kuunda chama chao cha KNUT tarehe 4 Desemba 1957, na dai lao kubwa lilikuwa mwajiri mmoja kwa walimu wote. Walilipata miaka kumi baadaye, Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilipoanza kazi mwaka 1967. Inafaa sisi tulio katika kanisa tukumbuke kwamba miongoni mwa waajiri ambao walimu walitaka kuondoka mikononi mwao, sisi tulikuwemo.

Hata hivyo jambo lililofukuzwa mlangoni hurudi kwa dirisha. Mwaka 2023 walimu wengi wa Sekondari Msingi waliajiriwa kwa jina la wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu wa meza ya pili, mwenye cheti kilekile na vipindi vilevile, alikuwa na mshahara wa kudumu, marupurupu ya nyumba na bima ya matibabu. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba si halali kumwajiri mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa kama mwanagenzi. Mwezi wa Mei walimu hao waliandamana. Januari 2025 wapatao 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu, na mwaka huohuo wengine wapya wakachukuliwa kwa mtindo uleule wa kwanza. Serikali ilisema fedha hazitoshi, na huenda ni kweli. Lakini mwanagenzi akichelewa, kitabu cha mahudhurio hakimwandikii nusu ya kosa kwa kuwa analipwa nusu. Katika kudaiwa yeye ni mwalimu kamili. Hapo mizani mbili zinakutana katika mtu mmoja.

Tunajua kuna msikilizaji aliyekwisha kufungua Mathayo mlango wa 20, ili atuulize juu ya wale vibarua wa shamba la mizabibu. Je, mwenye shamba hakuwalipa sawa waliofanya kazi saa moja na waliochomwa na jua mchana kutwa? Je, hana haki ya kufanya apendavyo kwa mali yake? Tumesikia waajiri wakiutumia mfano huu, na hata wazee wa kanisa. Basi tuusome vizuri. Kwanza, Bwana alikuwa akisema habari za ufalme wa mbinguni na neema yake, si kutunga sheria ya mishahara. Lakini hata tukiuchukua kwa mambo ya shambani, tazameni alivyofanya yule mwenye shamba. Wale wa asubuhi walipewa dinari yao kamili waliyopatana, ambayo ilikuwa riziki ya kibarua kwa siku. Hakuna aliyepunguziwa hata senti ili mwenzake aongezewe. Aliwainua wa mwisho, hakuwashusha wa kwanza. Tena hakufanya kwa siri: aliagiza wa mwisho walipwe kwanza, wengine wakitazama. Na waliponung'unika hakuwafukuza, alimwita mmoja wao rafiki na kumweleza sababu. Mwajiri anayelipa kwa mlango wa nyuma, na kumwambia mmoja asimwambie mwenzake, asijifunike kwa mfano huu.

Lakini si kila manung'uniko ni ya haki. Katika Danieli mlango wa 6 tunaona wafanyakazi wa ofisi moja wakimwonea mwenzao kijicho kwa sababu mfalme alitaka kumpandisha. Walikagua kazi yake wakitafuta kosa, wasione. Askofu David Gitari alihubiri juu ya mlango huo hapa mjini Nyeri mwaka 1987, na wazee wetu bado wanayakumbuka mahubiri yale. Basi anayesema "fulani anapendelewa" ajiulize kwanza kama fulani huyo hafiki mapema kuliko yeye.

Na kama amejiuliza, akaona kwamba mizani ni mbili kweli, afanye nini?

Kwanza asimwangukie yule anayependelewa. Yusufu hakujishonea ile kanzu, aliyeitengeneza ni mzee Yakobo. Lakini ndugu zake hawakwenda kwa baba yao kumwambia, "Baba, umetutenga." Walimngoja kijana nyikani. Mara nyingi mpwa wa mwenye duka ni kijana tu aliyeletwa kazini na mama yake, naye anaona haya kuliko tunavyodhani.

Pili, akiri lililo lake kabla ya kusema la mwenzake. Akienda kwa mkubwa na kusema, "Ni kweli nilichelewa, na onyo nimelipokea, lakini naomba kujua kanuni ni ipi, kwa maana siku ileile tulikuwa wawili," basi ule mtego wa "kwani wewe hukuchelewa" umekatika. Aende na tarehe zilizoandikwa, si hasira. Na ikiwezekana asiende peke yake. Watu wa huku husema kamuingi koyaga ndiri, kikundi kidogo huinua kinu, ingawa sote tunamjua yule anayeshika kinu kwa vidole viwili na kuguna kuliko wengine.

Tatu, aijue sheria, maana kuijua si kukosa imani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri kulipa sawa kwa kazi ya thamani sawa. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya mfanyakazi kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, au kwa kutofanya kazi vizuri, ni lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, nao wasikilizwe. Mnaona? Hilo ni lile lango la mji wa makimbilio, limewekwa tena. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41 pia kwa namna ya kupendeza, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapa hapa Nyeri, mtu halazimiki kushuka Nairobi. Ila asilale juu ya shauri lake, kwa kuwa sheria imempa miaka 3.

Kwa wale mnaosimamia wengine, tuna neno fupi. Kitabu cha kutia sahihi asubuhi kiwe kimoja, na jina lenu liwe ndani yake. Mkitaka kumsamehe mtu, msameheni, ni vema sana, lakini siku hiyo msameheni na mwenzake mwenye kosa lilelile. Na kama kuna ndugu yenu kazini, mwingine asiye wa ukoo ndiye asikilize shauri lake.

Jambo hili la mwisho kanisa la kwanza lililitenda, na habari yake imo katika Matendo ya Mitume mlango wa 6. Wajane wa Kiyahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na wale wa Kiebrania hawakusahauliwa. Ndugu zao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia kwamba manung'uniko ni dhambi, wala hawakuwauliza kama wao wenyewe hawana makosa. Waliita mkutano wa wote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema washike kazi ile. Mtakapofika nyumbani, someni mstari wa 5 na kuyatazama majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Kanisa ambalo wengi wake walikuwa Waebrania liliuweka ufunguo wa ghala mikononi mwa upande uliokuwa umelalamika.